Breki Nilizozitunza Mno

Tangu binti yetu aende chuo cha ukunga, nyumba yetu ina vyumba vingi kuliko watu. Kila asubuhi bado natoa vikombe vitatu. Baba yake hurudisha kimoja kabatini. Mimi hushona sare za shule sebuleni, na kila nikisikia hatua za haraka mlangoni nanyanyua shingo. Huwa ni mteja.

Tunamwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba wetu. Chuo chake kiko juu mlimani, mwendo wa saa tatu. Basi la huko huenda Jumatatu na Alhamisi tu, na siku ya wazazi ni Jumamosi moja katika muhula mzima. Tegemeo langu lilikuwa gari letu dogo la umeme.

Mume wangu aliendesha malori miaka thelathini. Gari hili hulicheka.

"Hii ni pasi ya nguo iliyowekewa magurudumu," husema.

"Na pasi hiyo ndiyo inayokupeleka hospitali," humjibu.

Nililitunza kama yai. Ukiondoa mguu kwenye pedali ya mwendo, gari hili hupunguza kasi lenyewe, na nguvu ile hurudi kwenye betri na kuwa chaji. Basi nikajifunza kuendesha bila kugusa breki. Naona kona kwa mbali, naachia mapema, gari linajivuta lenyewe. Nikawa najisifu kwa majirani: "Breki zangu zina miaka minne, lakini ni kama zimetoka dukani jana!" Hata breki ya mkono nilikuwa siivuti, nisije nikaichosha.

Kibali cha ukaguzi wa mwaka kilikuwa kinaisha Ijumaa. Kesho yake ndiyo siku ya wazazi. Mimi huwa na wasiwasi hata mawingu yakikaa vibaya, lakini kwa hilo sikuwa nao. Gari halina oili, halina moshi. Watakagua nini?

Ijumaa hiyo nikalipeleka. Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye ovaroli ya buluu. Alitazama taa, mikanda na vifuta kioo. Akapapasa tairi za mbele kwa ndani.

"Zimeanza kulika," alisema. "Gari ni dogo, lakini betri ni nzito. Bado zinafaa, ila uziangalie."

Kisha akanielekeza nipandishe magurudumu ya nyuma juu ya roli za kupimia breki, vyuma vya mviringo vinavyozungusha gurudumu.

"Kanyaga, mama. Usiibembeleze!"

"Nimekanyaga mpaka mwisho!"

Kwenye kipimo cha ukutani, sindano ya gurudumu la kulia ilipanda. Ya kushoto ikalala pale chini kama mgonjwa. Nilipovuta breki ya mkono, hata ile ya kulia haikupanda vizuri.

"Halipiti," alisema.

"Dada yangu, breki hizo hata sijazitumia!"

"Huo ndio ugonjwa wenyewe." Alimulika tochi ndani ya gurudumu. Niliona kutu tupu. "Hii ni diski ya breki. Pedi zikiibana, zinaisugua na kuisafisha. Usipokanyaga, maji yanaingia na kutu inakula. Pedi nazo zinaganda, hazisogei. Magari ya mafuta huniletea breki zilizolika kwa kutumika. Haya ya umeme huniletea zilizooza kwa kukaa."

Nikaanza kumsihi. "Nipitishe tu, Jumatatu nitalitengeneza. Mwanangu ananingoja kesho. Sijamwona miezi minne."

"Yuko wapi?"

Nikamwambia.

"Ukifika huko juu utachaji?"

"Ndiyo, mpaka ijae. Nirudi bila hofu."

Akatikisa kichwa. "Betri ikijaa haina pa kuweka chaji nyingine. Ukiachia pedali kwenye mteremko, gari halitajivuta kama ulivyozoea. Litakimbia. Hapo ndipo utazitafuta breki za chuma, nawe unazo za upande mmoja."

Nilirudi nyumbani. Hata hivyo nikamwambia mume wangu, "Nitaenda hivyohivyo. Nitachaji nusu tu."

Akatia ufunguo mfukoni. "Mama Kitinda, mlima ule nimeuteremka na tani ishirini. Waliosema watapita polepole nimewaona walipoishia. Mpigie mtoto."

Nikampigia.

"Mama, nimeshakuwekea kiti," alisema kabla sijafungua mdomo. "Karibu na dirisha, usisikie joto."

Nikamweleza.

"Haya. Nitamkalisha mama wa mwenzangu."

Alikata simu, nami nikabaki nayo sikioni.

Jumatatu fundi alizibandua pedi kwa nyundo. Diski mbili za nyuma hazikufaa tena, akaweka mpya.

"Sasa nifanyeje yasirudi?" nilimuuliza.

"Kila wiki tafuta barabara tupu, iliyonyooka. Tazama nyuma, asiwepo mtu. Gari likiwa linatembea, weka gia huru, kisha kanyaga breki sawasawa, mara tatu au nne. Kwenye gia huru mota haikusaidii, breki zinafanya kazi zenyewe. Breki ya mkono ivute kila siku. Ukiosha gari usiliache limelowa; endesha kidogo, kanyaga, zikauke. Na usome kitabu cha gari lako, maana magari hayafanani."

"Na ukaguzi?"

"Njoo mwezi mmoja kabla. Usije siku ya mwisho kama mtu aliyekumbuka mazishi."

Tulirudi kwa mkaguzi. Safari hii sindano zilipanda pamoja kama pacha. Likapita.

Wenzangu mnaosoma haya, kitu cha kuokoa maisha hakitunzwi kwa kuwekwa. Mimi nililipa kwa siku ambayo mwanangu aliweka kiti, akakaa mama wa mwingine.

Wiki tatu baadaye, mlezi wa wanafunzi chuoni alituruhusu tuonane kwa muda wa saa moja.

"Umechelewa, mama," Kitinda alisema langoni.

"Wiki tatu na dakika kumi," nilijibu, tukacheka, kisha hatukucheka.

Amekonda. Mikono yake imekuwa ya mtu mzima. Alinisimulia mama wa kwanza aliyemzalisha, na jinsi yeye mwenyewe alivyolia kuliko kichanga. Gari nilikuwa nimelichaji kwanza kwenye kituo cha pale juu, sasa lilikuwa linamalizia kwa waya uliotoka jikoni kwao. Saa moja ikaisha kama kufumba na kufumbua, na betri ikawa imejaa.

Nilianza kuteremka. Nikaachia pedali, na kweli, gari halikujivuta. Likashika kasi. Kwenye kioo nilimwona Kitinda bado amesimama langoni, anazidi kuwa mdogo. Nikatazama nyuma, hakuna gari. Nikasogea kando, nikakanyaga breki, nikavuta na ya mkono. Gari likasimama palepale kwenye mteremko, halikusogea hata inchi. Nikashuka, nikampungia mkono mpaka kengele yao ilipolia akaingia ndani.