Chingamu za Benchi la Bustani

Haya yalimpata rafiki wa shemeji yangu, seremala tunayemwita Pengo kwa sababu hana jino moja la mbele. Si mtu wa kutia chumvi.

Aliitwa kutengeneza benchi la bustani ya mtaa, lile wanalokalia wacheza drafti, kina mama na wanafunzi. Akalipindua. Chini palijaa chingamu za miaka nenda rudi, nyeusi, ngumu, zimenasa nywele na kucha. Pengo ana kinyaa. Chingamu hajawahi kuitia kinywani tangu azaliwe. Akazibandua kwa patasi huku akitema mate. Pipa la bustani lilikuwa limefurika, basi akaenda nazo nyumbani ndani ya ndoo yake ya vifaa, akaifunika na kuiweka nyuma ya mlango.

Jioni umeme ukakatika. Gizani ikasikika sauti ya kutafuna, polepole, yenye mate mengi.

"Baba watoto, funga mdomo ukila," mkewe akasema.

"Mimi sili kitu."

Sauti haikukoma. Ilitoka nyuma ya mlango.

Pengo akawasha tochi ya simu, akafunua ndoo. Zile chingamu kavu zilikuwa zimekuwa donge moja, kubwa kama ngumi, laini, linachuruzika mate. Lilikuwa na alama mbichi za meno, na katika safu ya mbele jino moja lilikosekana.

Pengo akapeleka ulimi kwenye pengo lake. Palikuwa pameziba kwa kitu laini, cha moto, chenye sukari.