Homa Aliyoificha Daktari

"Hivi vidonge ni vya nani?"

Nesi alisimama mlangoni mwa hema la dawa, koti la Daktari, mchumba wake, mkono mmoja, mkono wa pili pakiti tatu za vidonge vya homa. Zote tupu. Alikuwa akitafuta kipimajoto tu mfukoni.

Daktari aligeuka taratibu. "Kichwa kiliniuma kidogo. Uchovu wa safari."

Nesi alimwekea kiganja shingoni. Shingo ilikuwa inawaka moto.

Walikuwa na siku mbili kisiwani, watu watano wa kujitolea, wamekuja kuchanja watoto. Wenyeji wa kisiwa kile waliishi peke yao tangu enzi za mababu, na kwa miaka kumi na moja walikuwa hawapokei mgeni. Wageni wa mwisho waliwaachia mafua. Miili yao haikuyajua mafua, na ndani ya mwezi mmoja walizika watu thelathini. Safari hii walikubali kwa sharti moja: mwenye homa asishuke botini. Daktari, kiongozi wa msafara, ndiye aliyeapa mbele ya bibi mkuu wa kisiwa.

"Ilianza lini?"

"Tukiwa baharini."

"Na bado ukashuka?"

"Nimeihangaikia safari hii miaka minne, mpenzi. Keshokutwa tunaondoka. Tukirudi cheo ni changu, na wiki tatu baadaye tunaoana. Ubomoe yote kwa sababu ya kichwa?"

"Kesho watoto wote watakaa nyumba moja wakikusubiri wewe."

"Ukifungua mdomo, hakuna harusi."

Alilisema kwa sauti ya chini, kama anayeagiza chai. Nesi alimfikiria mama yake, aliyekwisha kutangaza harusi mtaa mzima. Alimtazama mwanamume huyu aliyempenda miaka mitano, akaona hamjui.

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," akasema. "Tena hapa kilio hakitakuwa chako."

Akatoka.

Mkalimani wao, mwanamke wa kisiwani aliyejifunza lugha ya bara alipolazwa huko utotoni, alikuwa barazani akinyonyesha. Asubuhi ile ile Daktari alikuwa amemwinamia mtoto huyo kumsikiliza kifua, barakoa imeshushwa kidevuni kwa sababu ya joto. Nesi alimweleza yote, hakubakiza.

Mkalimani hakupiga kelele. Alimkumbatia mwanawe kwa nguvu zaidi.

"Mama yangu alikufa hivi hivi," akasema. "Aliyetuletea ugonjwa alikuwa mtu mzuri pia. Tulicheka naye."

Haikupita saa moja, bibi mkuu akaamuru wageni warudi botini na wabaki hukohuko nangani. Mkalimani na mtoto wakatengwa kwenye nyumba ya mwisho, mbali na watu. Nesi akaomba atengwe nao, kwani yeye naye alikuwa karibu na mgonjwa, na mtoto akiugua atahitaji mtu. Bibi mkuu alimkagua kwa muda mrefu, kisha akamwonyesha mlango wa nyumba ile.

Jioni redio ya upepo, aliyobaki nayo Nesi ya kuongea na botini, ikakoroma. "Umefurahi sasa?" Daktari aliuliza. Nesi akaizima.

Siku ya tatu mtoto akaamka na homa. Kufika mchana mbavu zilikuwa zinabonyea kila akivuta pumzi, na titi analikataa. Nesi hakuwa na wa kumuuliza isipokuwa mmoja. Akawasha redio.

"Anapumua mara sitini na nane kwa dakika."

Kikasikika kikohozi kikavu.

"Uzito wake?" Daktari akauliza. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu mwingine. Akampangia dawa, akamwelekeza namna ya kumlaza na kumpa maziwa kwa kijiko, tone kwa tone. Alasiri nzima hakuondoka redioni. Hapo katikati akaomba kusema na mama wa mtoto.

"Mimi ndiye niliyemwambukiza mwanao," akasema. "Nilijua nina homa, nikaficha. Wakubwa wangu nimeshawaeleza kwa redio, na uongozi nimeuacha. Nesi hana kosa."

Mkalimani alikishika chombo kile kwa mikono miwili. "Nimesikia. Sasa niambie, akitapika dawa nifanyeje?"

Siku ya tano homa ikashuka. Mtoto akashika titi kama aliyekuwa analidai. Hakuna mwingine kisiwani aliyeugua.

Zilipotimia siku kumi na nne, bibi mkuu akamruhusu Nesi kuondoka. Daktari alimpokea botini, amekonda, hakuthubutu hata kumshika mkono.

"Neno nililokutamkia lile, naomba unisamehe."

"Harusi ya mwezi huu haipo," Nesi akasema. "Ukitaka nyingine, uje nyumbani umweleze mama mwenyewe. Usipunguze neno."

Alikuja Jumamosi, akiwa amesimamishwa kazi miezi sita. Aliongea akiwa wima katikati ya sebule, hakupunguza neno. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia binti yake.

"Mwanangu, huyu unampenda au umemzoea tu?"

Nesi alimtazama Daktari usoni.

"Nampenda, mama. Ndiyo maana sikumfichia."

Mama akashusha pumzi. Akasogea kwenye kochi, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

"Kaa basi, baba," akamwambia Daktari. "Utachoka kusimama."