Aliyepima Kina

Ukungu ulishuka asubuhi boti ya doria ikiwa katikati ya mto, na mara nahodha akasikia harufu ya marashi kwenye chumba cha usukani. Wanamaji wa kikosi kile hawajipaki marashi. Wananuka dizeli.

Omoni, mbele ya boti, alisimama shemeji wa nahodha, mdogo wa mkewe, amefungwa kamba ya usalama kiunoni, akipima kina kwa mti mrefu wa upondo na kukitaja kwa sauti. Nahodha, ambaye hakuiona hata pua ya boti, alirudia kila kipimo. Ni sharti la kikosi: mpimaji akitaja, nahodha huitikia, ili kila mmoja ajue mwenzake yupo. Wakati wa kuagana mke wa nahodha alimwambia mumewe kwamba akirudi bila mdogo wake, asibishe hodi. Alisema kama utani, ila hakucheka.

"Mita tatu."

"Mita tatu," nahodha akaitikia.

Mkono uliolowa maji ukamshika bega kutoka nyuma.

"Shemeji, unamjibu nani?" Ilikuwa sauti ya shemeji yake, ikinong'ona. "Upondo umenasa kwenye tope. Sijapima tangu tupite kona."

"Mita mbili na nusu," sauti ileile ikaita omoni.

"Usiijibu. Ukiijibu itapanda."

Fundi wa injini aliwahi kuwaambia kuwa kona ile ina mwenyewe, na mwenyewe huiga watu. Walimcheka, wakasema anaogopa hata kivuli cha mkewe. Sasa nahodha alifunga mdomo. Sauti ya omoni ikataja mita mbili, ikarudia, ikauliza shemeji mbona kimya, ikasema kuna kitu kinavuta upondo, ikaomba boti isimame, ikalia kama mtoto aliyefungiwa nje, na nahodha akauma midomo, macho mbele, huku mkono ukizidi kuwa mzito begani na marashi yakimjaa kooni. Kitu kikatumbukia majini.

Ukungu ulipoinuka, omoni hapakuwa na mtu. Kamba ya usalama ilikuwa imekaza, ikishuka mtoni. Fundi alipanda kutoka chumba cha injini, akaivuta. Mwishoni mwake alikuwa shemeji, amekufa, upondo mkononi.

Fundi akainua uso amwambie nahodha. Akatazama nyuma ya nahodha, akaanza kurudi kinyumenyume.

Nahodha hakugeuka.

"Twende nyumbani, shemeji," sauti ikasema sikioni mwake. "Dada ananisubiri."