Banda la Televisheni

Kila alfajiri, kabla jogoo hajamaliza hotuba yake, Bertha alikuwa bandani akimkamua ng'ombe. Mumewe, Ambokile, alileta majani. Binti yao, Tusekile, wa darasa la sita, alishika ndoo na kutoa maoni ambayo hakuna aliyeyaomba.

"Baba Tusekile, hayo ni majani ya ng'ombe au ya sungura?" aliuliza Bertha.

"Yanatosha."

"Ng'ombe anasema hayatoshi," alisema Tusekile. "Ila anamwogopa mwenyekiti."

Ambokile alikuwa mwenyekiti wa kamati ya Shule ya Msingi Itumbika, juu kidogo ya Tukuyu. Cheo hicho alikivaa kama koti la harusi. Hata bandani hakukivua.

Mwaka huo wazazi walikuwa wameuza ndizi na maparachichi, wakachanga shilingi milioni moja na laki tisa. Walitaka watoto wajifunze sayansi kwa picha zinazotembea. Ambokile akatumwa Mbeya mjini kununua kifaa. Aliingia duka la vifaa vya umeme, akamkuta kijana anaitwa Sahil.

"Ipi kubwa kuliko zote?" aliuliza.

"Hii, mzee. Inchi sitini na tano. Milioni moja na laki tisa."

Ambokile alitazama juu, akashukuru. Bei ilikuwa sawasawa na fedha aliyokuwa nayo mfukoni. Kwake, hiyo haikuwa bei. Ilikuwa ishara.

Televisheni ilipokelewa Itumbika kama mkwe. Bertha aliifumia kitambaa cheupe chenye maua. Watoto walikatazwa kupumua karibu nayo.

Siku ya uzinduzi wazazi walijaa nyuma ya darasa. Mwalimu Asmaa, anayefundisha sayansi, alichomeka flashi. Moyo wa binadamu ukatokea, mwekundu, mkubwa kama debe. Daktari kwenye picha akaanza kueleza jinsi unavyosukuma damu.

Ndipo mvua ikashuka.

Paa la darasa lile lilikuwa bati tupu, bila dari. Mvua ya Rungwe ikipiga bati, hata mtu mwenye kesi husahau alichoshtakiwa. Daktari alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Mwalimu Asmaa aliongeza sauti mpaka mwisho. Hakuna aliyesikia neno.

Tusekile alikuwa na koo lililozoea kumwita mama yake kutoka ng'ambo ya bonde. Alisimama mbele, akaanza kumsemea daktari.

"Ndugu wazazi, moyo huu ni shilingi elfu saba. Ukichukua miwili, tunapunguza."

Darasa lilicheka mpaka madawati yakasogea. Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa mwenyekiti.

Mkutano wa wazazi ulikaa siku hiyohiyo.

"Tumechanga karibu milioni mbili," alisema mzee mmoja, "tumwangalie mtu anatafuna."

Obeid, mwenye baa pale Tukuyu, alikuwa na mtoto darasa la nne. Alikuwa pia na futi ya kupimia mfukoni. Alisimama, akaipima televisheni kwa upole, kama fundi anayempima bwana harusi suti.

"Mimi natoa milioni moja," alisema. "Kwangu sauti si tatizo. Mpira ukianza, wote wanapiga kelele."

Wengi walitaka iuzwe papo hapo. Mwalimu Asmaa akaomba muda. "Tupeni wiki mbili," alisema. "Darasa la saba halijawahi kuona moyo ila ule niliouchora kwa chaki. Na mimi kuchora sijajaliwa."

Wakakubaliana. Wiki mbili, siku ya Jumamosi. Mvua ikinyesha na mtoto wa dawati la mwisho asisikie, televisheni itakwenda kwa Obeid. Mwenyekiti naye ataachia kiti.

Jioni ile Ambokile hakula.

"Baba, unafikiria adhabu yangu?" aliuliza Tusekile.

"Nafikiria shule."

"Basi ukimaliza shule, nitakuwa jikoni."

Bertha alimsogezea mumewe sahani. "Kesho twende wote Mbeya. Safari hii wewe utabeba, mimi nitauliza."

Asubuhi walifunga televisheni katika boksi lake, wakachukua risiti na chupa ya maziwa ya kumsalimia mwenye duka. Mwenyewe alikuwa Kaniz, shangazi yake Sahil, mama wa miaka hamsini na ushee, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alizaliwa Mbeya, na salamu za Kinyakyusa alizijua vizuri kuliko madereva wa stendi.

"Ugonile, mama," alimsalimia Bertha. "Karibuni. Imeharibika?"

"Haijaharibika," alisema Ambokile. "Haisikiki. Tunataka spika. Fedha tutaleta ndizi zikikomaa."

Kaniz hakushika spika yoyote. Alivuta kiti.

"Mzee, kabla hujanunua hii, ulipima darasa?"

"Hapana."

"Watoto wangapi wanakaa humo?"

"Themanini."

"Paa lina dari?"

"Halina."

"Umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu, nini kinaikinga? Umeme wa Luku anaununua nani? Ikifa, fundi analipwa na nani? Ufunguo anashika nani?"

Kila swali lilimshusha Ambokile kidogo kwenye kiti. La mwisho lilimkuta karibu na sakafu.

"Sahil hakuniuliza hayo," alijitetea.

"Sahil ulimwuliza ipi kubwa. Akakuonyesha kubwa." Kaniz aliifungua chupa, akanusa. "Maziwa mazuri. Ng'ombe wenu?"

"Wetu," alisema Bertha. "Tulimpata kwenye mradi. Unapewa mtamba, akizaa unampa jirani ndama."

"Walikupa siku uliyoomba?"

Bertha alicheka. "Nani akupe? Mkaguzi alikuja kwanza. Akataka aone banda. Akataka aone matete yameota. Akauliza hela ya dawa iko wapi na nani atakamua nikiugua. Tulingoja miezi minane."

"Mngempata ng'ombe kabla ya banda, ingekuwaje?"

"Angelala sebuleni na Baba Tusekile."

Kaniz alimgeukia Ambokile. "Mwenyekiti, nyumbani kwako unajua kazi hii. Shuleni umenunua ng'ombe mkubwa kuliko wote, hujaacha hata shilingi ya majani."

Ambokile alilitazama boksi. Halafu alisema polepole, "Kumbe bajeti ni banda."

"Ni banda, ni majani, ni dawa," alisema Kaniz. "Bei ya kifaa ni sehemu moja tu. Anza na somo: mtoto anatakiwa aone nini, asikie nini, akiwa amekaa wapi. Kisha andika kila kitu kitakachofanya hilo liwezekane mwaka mzima. Kifaa chenyewe kiandike mwisho, kwa fedha iliyobaki."

Bertha alitoa daftari la ng'ombe kwenye kikapu, akafungua ukurasa mpya. Kaniz aliikagua televisheni pembe zote. Haikuwa na mkwaruzo, maana kile kitambaa kilikuwa kimeilinda.

"Naipokea," alisema. "Nakata laki moja na nusu, kwa sababu imeshawashwa. Chukueni ya inchi hamsini, laki tisa na nusu. Inabaki laki nane."

"Ndogo," alisema Ambokile. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayezika.

"Watoto waingie kwa zamu mbili, arobaini arobaini, wasogee karibu. Wote wataona."

Bertha akaandika. Spika nne na kikuza sauti, laki nne na elfu ishirini. Nyaya na kifaa cha kuzuia umeme ukiruka, elfu tisini. Kabati la chuma lenye kufuli, elfu sitini. Umeme wa muhula, elfu hamsini. Akajumlisha mara mbili, maana nambari za mara ya kwanza alizitilia shaka.

"Inabaki laki moja na elfu themanini."

"Hiyo msiiguse," alisema Kaniz. "Ikae benki, ni ya fundi. Hata televisheni huugua."

"Na spika tuziweke wapi?" aliuliza Ambokile. Kaniz alitabasamu. Lilikuwa swali la kwanza la maana kutoka kwake.

"Msizirundike mbele. Mbili mbele, mbili katikati ya kuta za pembeni, usawa wa masikio ya watoto. Sauti ikitoka karibu, haina haja ya kupigana na bati."

Jumamosi ilifika. Wazazi walijaa. Obeid alikuja na pikapu na godoro la kulazia televisheni.

"Imepungua," alisema alipoiona.

"Imekonda, lakini ina afya," alijibu Tusekile.

Tatizo lilikuwa jua. Lilikuwa jua kali, la ajabu, bila wingu. Masharti yalisema mvua. Wazazi wakakaa, wakangoja. Watu wa Rungwe, ambao maisha yao yote huomba mvua ipumzike, sasa walitazama mlima wakiibembeleza ije.

Saa nane mvua ikaja, yote kwa pamoja, kama mchanga umemwagwa kwenye debe.

Mwalimu Asmaa akawasha.

*Du-dum. Du-dum.*

Moyo ulisikika kwanza kwenye mbao za madawati, kisha masikioni. Daktari akaanza kusema, na kila neno lake lilifika. Kwenye dawati la mwisho walikuwa wamemketisha yule mzee wa mkutano, kwa makusudi. Aliweka kiganja kifuani mwake, akakilinganisha na televisheni.

"Anasema nini huyo daktari, mzee?" Ambokile alimwuliza sikioni.

"Anasema damu huingia kulia, huenda mapafuni, hurudi kushoto," alisema mzee. "Na wewe nyamaza, nasikiliza."

Tusekile alisimama mbele, akajaribu kumsemea daktari kama zamani. Alipaza sauti yake yote. Hakuna aliyemsikia. Akakaa chini, akaanza kuandika.

Somo lilipoisha, watu walipiga makofi mpaka mvua yenyewe ikaonekana kuona haya. Mwalimu Asmaa alifuta ubao uliokuwa na moyo wake wa chaki, bila majonzi. Mwenyekiti alibaki na kiti chake. Muhula uliofuata, radi ilipopiga nguzo ya umeme na kifaa cha kuzuia umeme kikaungua, televisheni ilipona. Kifaa kipya kilinunuliwa kwa fedha ya benki, na hakuna mzazi aliyechangishwa tena.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile Obeid alilikunja godoro lake, akamvuta Ambokile pembeni.

"Mwenyekiti, mimi pia nataka kuweka televisheni pale baa. Nianze na ukubwa gani?"

Ambokile alilifungua daftari la ng'ombe, akalamba kidole, akatafuta ukurasa.

"Kaa kwanza, ndugu yangu," alisema. "Paa lako lina dari?"