Boksi Lisilovuja

"Kuku wametoka bandani."

Sindano aliipokea simu akiwa chali kwenye sakafu ya ofisi, chupa ya mpira yenye maji ya moto juu ya tumbo.

"Wangapi, Mkuu?"

"Wote, mia nne na kumi na mbili. Ndege ya mizigo, saa nane na nusu. Babu Barafu, mlinzi wa friza, naye haonekani."

"Na majibu kwenye kompyuta?"

"Yamefutwa."

Saa yake ya Casio ilisema saba na dakika hamsini. Alimeza vidonge viwili bila maji. Bastola, Glock ya zamani, aliitia kwenye mkoba pamoja na ile chupa, maana kiuno leo hakikutaka kuguswa na kitu. Kisha akaingia kwenye Hilux.

Miaka kumi na minane katika idara ya usalama. Aliwahi kupigwa risasi ya bega, na ukimuuliza atakwambia risasi ilikuwa na adabu. Iliuma, ikapona.

Kuku wenyewe walikuwa mirija ya maabara yenye damu ya wanawake, mama na binti, dada na dada. Watafiti walikuwa wakisaka tofauti ndogondogo za vinasaba zinazomzidishia mwanamke hatari ya kupata endometriosisi, maradhi ya tishu za mfuko wa uzazi kuota mahali ambapo hazikualikwa. Hakuna kinasaba kimoja cha kulaumiwa. Ni haba na haba, mpaka kibaba kijae. Ndiyo maana walihitaji familia nzima nzima.

Sasa kampuni moja ya ng'ambo ilitaka kuifungia damu ile kwake, halafu ije iwauzie kipimo wenye damu.

Mrija namba 77 ulikuwa wa mama yake Sindano. Aliambiwa ukizaa yatakwisha. Akazaa watano. Hayakwisha. Mwaka jana alifariki, na damu yake haitolewi tena.

Na nyumbani kulikuwa na kitinda mimba wa Sindano, miaka kumi na mitatu, ambaye tangu mwezi uliopita alikuwa akijikunja kitandani vilevile kama bibi yake.

Saa nane na dakika kumi na nane alisimama kwenye ghala la mizigo.

Maboksi sita meupe ya stairofomu. Yote yameandikwa SAMAKI WABICHI.

"Nakupa dakika nne, dada," karani alisema. "Fungua moja. Nikikuachia yote sita, samaki wa watu wataharibika na mimi nitaula wa chuya."

Sindano akatoa kipimajoto cha idara, kile cha kulenga kwa mbali. Akabonyeza, atafute boksi lenye baridi kuliko yote.

Kimya.

Betri zilikuwa zimekufa. Aliomba mpya mwezi wa tatu, na ombi lilikuwa bado linasubiri sahihi. Hata kucheka hakuweza.

Ndipo tumbo likamkata. Alichuchumaa, mkono sakafuni, jasho likimtoka.

Mkono ulikuwa umelowa.

Akainua macho. Maboksi matano yalikuwa yanadondosha maji ya barafu. La sita, la mwisho kushoto, chini yake pakavu kabisa.

Barafu kavu, ile ya maabara, haiyeyuki kuwa maji. Hugeuka moshi ikapotea.

"Lile," alisema.

Nyuma ya rundo la makreti, mwanamume wa suti ya kijivu, wakala wa kampuni ile, alichomoka mbio. Sindano hakuwa na nguvu za kumfukuza. Aliisukuma toroli kwa mguu, ikampata magotini. Karani, mtu wa kilo mia na ushei, akamkalia.

Aliyebaki amesimama pale ni mzee wa koti jeupe. Babu Barafu. Miaka kumi na mmoja amelinda friza ile bila mrija hata mmoja kuharibika.

"Shikamoo, mzee," Sindano alisema, bastola mkononi.

"Marahaba." Ilimtoka kwa mazoea.

"Ungetia barafu ya kawaida nisingekugundua."

"Zingeharibika," mzee alijibu, kama aliyetukanwa. "Mimi siharibu sampuli."

"Unaziuza tu."

Mzee akainamisha kichwa. Sindano alimhurumia, na akamfunga pingu.

Polisi walipowachukua wote wawili, alipiga simu.

"Kuku wamerudi, Mkuu."

"Safi. Wewe mzima?"

"Hapana."

Kulikuwa na ujumbe wa binti yake. *Mama tumbo limeanza tena. Shangazi anasema nitazoea.*

Sindano aliusoma mara mbili. Neno lile naye aliambiwa, na mama yake kabla yake. Akaandika: *Hutazoea. Nakuja, twende kwa daktari.*

Alimwomba karani maji kutoka kwenye birika lake, akaijaza ile chupa mpaka shingoni. Hakuiweka tumboni mwake. Aliifunga kwa koti lake isipoe, akatembea taratibu hadi kwenye Hilux.