Maserati ya Marehemu Yunus

Mzee Yunus alikuwa amelala kwenye sakafu ya karakana yake, kando ya Maserati nyeusi iliyong'aa kama imetoka kiwandani jana. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Nyundo ya kunyooshea bodi ilikuwa chini ya gurudumu la mbele, mvi zimeigandia.

Nje, vijana wa Same walikuwa wamejaa barabarani.

"Mtoeni huyo fundi! Tunamtaka sisi!"

Fundi mwenyewe, Aminieli wa Bombo, alikuwa na pingu ndani ya gari la polisi. Yeye na marehemu ndio waliolifufua gari lile, miaka na miaka, kutoka lundo la kutu. Jana watu walimsikia akimfokea mzee kwamba asiliuze. Leo mnunuzi alikuwa njiani kutoka Arusha.

"Afande, kesi imekwisha," alisema Sajini Sadock. "Nyundo yake, ugomvi wake. Tumwondoe kabla hawajamchoma."

Inspekta Tausi alichuchumaa kando ya maiti. Kuna kitu kilikuwa kinamkera. Mtu aliyepigwa kisogoni huanguka hovyo, mkono huku, mguu kule. Mzee Yunus alikuwa amenyooka, kalala ubavu wa kulia, uso kaskazini. Macho yamefumbwa. Taya limefungwa kwa utepe wa kitambaa, fundo limekaa utosini.

"Nani amemgusa?"

"Hakuna, afande. Mlinzi wa duka la jirani alimwona kupitia mlangoni, akapiga simu. Hata kizingiti hakuvuka."

"Basi aliyeua ndiye aliyemlaza. Amemwelekeza kibla, Sadock. Amemfunga taya. Hivi hivi ndivyo tulivyomfanyia baba yangu."

Jiwe liligonga paa la bati. Sadock akainama.

Tausi alitoka mbio hadi kwenye gari la polisi, akajibana kando ya fundi.

"Shikamoo, Baba Agape."

"Marahaba, mwanangu. Nimekwisha mimi."

"Mtu akifa kwenu, mnamlazaje?"

"Chali, mikono kifuani. Kwani vipi?"

"Jana mligombana nini?"

"Nilimwambia, siku ya kuliuza gari ilishapita. Ulipoombwa ulikataa, leo unaliuza la nini? Akasema nisiingilie mambo ya nyumba yake."

"Nani alimwomba?"

Aminieli aliwatazama wale vijana kupitia kioo. "Muulize mwanawe."

Nyumba ya marehemu ilikuwa nyuma ya karakana. Rashidi, mwana wa pekee, alikuwa amesimama uani akipokea pole. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Muuaji mnaye, dada. Mnangoja nini?"

"Ulilala wapi?"

"Hapa hapa."

"Ulivaa nini?"

"Swali gani hilo, na mimi nimefiwa?"

Tausi alimpa Sadock ishara. Sajini akaingia ndani, na alipotoka alibeba kikoi kibichi, kilichokuwa kimekamuliwa na kufichwa chini ya kitanda. Ukingo mmoja ulikuwa umechanwa. Tausi akautoa utepe aliokuwa ameufungua kwenye taya la marehemu, akaulaza pale palipochanika. Ukaenea kama jino kwenye ufizi.

"Baba yako ulimsitiri," Tausi alisema polepole. "Hukutaka akutwe kinywa wazi. Na Aminieli je? Unawasikia hao? Wakimwasha moto, nani atamsitiri?"

Kelele za nje zilipanda. Kioo cha gari kikavunjika. Rashidi akaziba masikio, kisha akaketi chini.

"Sikwenda kumuua. Nilikwenda kulivunja gari."

"Kwa nini?"

"Mama alipougua figo nilimpigia baba magoti. Uza, mama atibiwe. Akasema bado halijakamilika, nani atanunua chuma? Akaagiza taa za mbele kutoka Italia. Mama tumemzika. Taa zinawaka. Juzi naona tangazo kwenye simu, gari linauzwa, halina dosari hata moja." Alifuta kamasi kwa mkono wa kanzu. "Nikachukua nyundo. Nilipoinua, baba akatokea, akajitupa kifudifudi juu ya boneti, akalikumbatia. Mkono ulikuwa umeshashuka, dada. Mama yangu hakuwahi kukumbatiwa vile."

"Halafu ukanyamaza, mwingine abebe."

"Nilipowasikia wanamtaja fundi, nilikosa mdomo."

Tausi hakungoja. Alitoka hadi barabarani, akampandisha Aminieli juu ya kizingiti cha karakana ili kila mtu amwone, akamfungua pingu.

"Huyu hakuua! Aliyeua amekiri. Mwenye jiwe aliweke chini."

Mawe yalianguka moja moja. Aminieli, damu ikimchuruzika shavuni kwa vipande vya kioo, alishikilia fremu ya mlango na kulia kwa sauti, mtu mzima yule, mbele ya watoto waliotaka kumchoma.

Rashidi alipitishwa katikati yao akiwa na zile zile pingu. Alipofika mkabala wa karakana alisimama.

"Dada, na gari? Limeumia hata kidogo?"

Tausi alikuwa amelikagua kuanzia mbele hadi nyuma. Angependa kumdanganya.

"Halina hata mkwaruzo," alisema.