Pumzi ndani ya Mpira wa Breki

Hewa ilikuwa haitaki kuisha. Kila Feruzi alipobana mkono wa breki na kulegeza skrubu ya kutolea hewa kule chini kwenye gurudumu la mbele, mafuta yalitoka na povu, na nyuma ya povu likaja povu jingine. Fundi yeyote anajua kwamba hewa ndani ya breki ina mwisho wake. Hii haikuwa na mwisho. Tena ilitoka kwa mpango: inatoka, inatulia, inatoka, inatulia, kama pumzi za mtu aliyelala.

Feruzi alijicheka. Mtu mzima na ndevu zake, msafirishaji anayepeleka mizigo kwa pikipiki mpaka Kisenge, leo anaogopa povu! Akaulaumu mpira wa breki, ambao kweli ulikuwa umezeeka na kupasukapasuka. Na hiyo ndiyo breki pekee aliyokuwa nayo, kwa sababu ya nyuma ilikufa zamani.

Kosa alikuwa ameshalifanya bila kulijua. Mafuta ya zamani, meusi, bado ya moto kutokana na safari ya asubuhi, aliyamwaga kwenye shimo la maji machafu nyuma ya jiko, jua likiwa utosini, bila kusema bismillahi. Kwao, watu waliotoka Maniema na biashara zao, hata maji ya moto ya bukari, yaani ugali, hayamwagwi chini bila kulitaja jina la Mungu, maana huko chini kuna wenyewe, yaani majini, na wenyewe wana watoto. Feruzi alifundishwa hayo tangu hajaota meno ya pili. Lakini siku hiyo kichwa chake hakikuwa pale.

Kichwa kilikuwa kwa Kadija, mkewe. Mgodi ulikuwa umeanguka, mishahara imekuwa hadithi, na mji wa Kolwezi ulikuwa umepata wa kumlaumu: Wakasai, watu wenye asili ya Kasai. Waliozaliwa hapa na waliofia hapa, wote waliambiwa warudi kwao. Mzee Mianda, baba yake Kadija, alikuwa analala nje ya gare, stesheni ya treni, na maelfu wenzake wakingoja treni. Kadija alibaki kwa mumewe na tumbo la miezi ya mwisho, na vijana wa mtaa walishapita mlangoni.

"Banasema dimanche basinikute hapa," Kadija alinong'ona; Jumapili ilikuwa karibu.

"Kesho tunaenda ku Kisenge, kwa dada yangu Yasmine. Kule hakuna mutu anajua baba yako ni nani."

"Na ile frein?" Kadija aliitazama breki.

"Nitatengeneza."

Alipotamka neno hilo mpira ukavimba. Hakuna aliyeugusa. Mkono wa breki ulisogea wenyewe, taratibu, na mpira ukatuna katikati kama koo la mtu anayemeza, kisha ukanywea, na ua mzima ukanuka nywele zilizoungua.

Feruzi alichukua koti akaenda sokoni kwa Tharcisse, muuza vipuri, mtu wa maneno mengi. Tharcisse aliweka mipira miwili mezani. Mmoja mweusi wa kawaida, umetolewa kwenye pikipiki iliyokufa. Mwingine ulivikwa waya wa chuma uliosukwa kama kikapu, unang'aa.

"Hii ya mupira, ukifinya frein inavimba kidogo, nguvu inapotea njiani," akasema. "Hii ya chuma haivimbe hata. Unafinya, inakamata. Lakini mi nakuambia kweli, tata: ya mupira ikipasuka unaona. Hii, kitu kikiharibika mu ndani, hauone."

"Haivimbe kabisa?"

"Kabisa!"

"Lete ya chuma." Tena alikuwa amesikia tangu utoto kwamba majini wanaogopa chuma.

Akaufunga jioni ile, akajaza mafuta mapya, na ajabu, hewa ikakoma. Mkono wa breki ukawa mgumu kama jiwe. Feruzi alifurahi mpaka akapiga mluzi.

Mluzi haukufika mbali. Giza lilipoanza kuingia, kitoto kililia ndani ya shimo la maji machafu, sauti nyembamba ya kuchoka, na kutoka kwenye pikipiki kitu kikajibu, kikagonga ndani ya ule waya wa chuma, kwanza polepole kama mtu anayepiga hodi, kisha kwa haraka, kwa hasira, mpaka usukani ukatikisika na kioo cha pembeni kikaanguka, na Kadija mlangoni akashika tumbo lake kwa mikono miwili akisema jamani, jamani, ni nani huyo analia, na Feruzi, aliyekumbuka ghafla yale mafuta ya moto aliyomwaga shimoni, alitamani ardhi immeze.

Alimkimbilia amu yake, Maalim Zakaria, akaja naye. Mzee alisoma, akapuliza, akatega sikio kwenye mpira.

"Iko mama," akasema kwa sauti ya chini. "Ulimuunguzia mutoto. Aliingia mu mafuta kukutafuta, na wewe ukamufungia mu chuma."

"Majini si banaogopa chuma?"

"Njo maana. Haiwezi kuingia, na kama iko ndani, haiwezi kutoka."

"Mufukuze, Maalim!"

Zakaria alikohoa, akaamuru: "Toka! Rudi kwenu!"

Mkono wa breki ukajibana wenyewe, na kutoka ndani ikaja sauti ya mwanamke, kavu: "Kwetu ni wapi? Nilizaliwa hapa."

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Wiki nzima Feruzi alikuwa akiyasikia maneno hayo kwenye milango ya majirani.

"Usimufungulie hapa, karibu na hii tumbo," mzee alisema mwishowe. "Mupeleke mbali. Kule umufungulie na bismillahi, umuombe radhi." Kadija alikuwa ameshamwaga maji ya baridi shimoni, akitaja jina la Mungu. Kilio kikakatika.

Waliondoka alfajiri. Njia nzima breki ilishika vizuri, na hilo ndilo lililomtisha Feruzi. Kisha, kwenye mteremko mrefu kabla ya mto, akaona gogo limelazwa nusu ya barabara, na vijana wenye mapanga wanapunga mikono. Hapo watauliza jina la baba yake Kadija. Feruzi alibana breki kwa nguvu zake zote, maana kutosimama ni kufa. Mkono ukalegea mpaka ukagusa usukani. Pikipiki ikapata mbio, ikapenya kando ya gogo, vijana wakarukia majani, matusi yakabaki nyuma, Kadija akipiga kelele, upepo ukinuka nywele zilizoungua.

Kwenye daraja ikasimama yenyewe, taratibu, kama imewekwa chini na mtu.

"Mufungulie," Kadija alisema. Alikuwa analia. "Naye alitusaidia. Mufungulie, Feruzi."

Alipiga magoti. "Bismillahi. Mama, mi nilikosa. Sikukusudia. Unisamehe juu ya mutoto." Akalegeza skrubu. Ikatoka pumzi moja, ndefu, ya moto, ikampita usoni na kuinamisha majani ya ukingoni, kisha kimya. Akaongeza mafuta, akajaribu breki. Nzima. Akamshukuru Mungu.

Wakapanda tena. Walipolimaliza daraja, sehemu ya nyuma ya pikipiki ilididimia.

"Kadija, usinibane hivyo."

"Si miye," sauti yake ilitetemeka mgongoni. "Mikono yangu yote iko ku tumbo."

Feruzi alitazama chini. Shati lake lilikuwa limekunjwa kiunoni pande zote mbili, limeshikwa na mtu asiyeonekana, na chini kidogo mkunjo mwingine, mdogo, wa vidole vya mtoto, yule aliyelia shimoni, wenye joto. Woga ulimpanda mpaka kwenye meno. Alitaka kusimama awashushe. Lakini nyuma kulikuwa na mapanga, mbele msitu mtupu, na hakujua awaambie waende wapi.

Akasogea mbele, mpaka juu ya tangi, ili nyuma wapate nafasi.